Meku wa Barazani Ana Kwao

Saa kumi na moja alfajiri, kabla mabasi ya Dar es Salaam hayajaanza kunguruma katika stendi ya Moshi, wapo watu ambao tayari wamekunja vitanda vyao. Kitanda ni boksi lililopasuliwa na kutandazwa, shuka ni kiroba. Wanakunja mapema kwa sababu wenye maduka wengi wakiwakuta barazani kwao hawatawaruhusu kulala hapo tena usiku unaofuata. Juni na Julai, baridi ya mlimani inaposhuka hadi mjini, utawaona wamesogea kwa mama lishe anayewasha jiko la mkaa. Wanampepelea moto, wanambebea ndoo za maji, na ujira wao ni joto la jiko na kikombe cha chai.

Mmoja wao nilimpa sarafu kwa karibu miaka mitatu. Wapiga debe wanamwita Meku, neno ambalo huku uchagani ni la heshima kwa mwanamume mzee, nami nikalichukua kama lilivyo. "Shikamoo, Meku." "Marahaba, mwanangu." Sarafu ya shilingi 500, kisha nakwenda zangu. Nilijiona mtu mwema, tena mtu anayemfahamu.

Kisha akapotea wiki nzima. Vijana wa mikokoteni wakaniambia ameshikwa na homa usiku, wakambeba hadi hospitali. Nikaenda. Muuguzi akafungua daftari akaniuliza jina la mgonjwa. Nikasema, "Meku." Akaniangalia, akanijibu kwa upole kabisa, "Baba, wodi hii ina meku kumi na wawili."

Nilisimama pale mlangoni nikiwa sina la kuongeza. Miaka mitatu ya salamu, na sikujua jina, wala ukoo, wala kijiji. Nimeandika makala haya kwa sababu ya kisa hicho. Watu wengi wa Moshi ninaowajua si wachoyo. Wanatoa. Kinachokosekana ni kumjua yule tunayempa.

Tuanze na jambo ambalo mgeni hulishangaa. Mkoa huu ni wa watu wenye kwao. Mchaga akikutana na Mchaga mwenzake Mwanza au Muscat, swali la pili baada ya salamu ni "Wa wapi?", na jibu la "Machame" au "Rombo" halitoshi, ataulizwa kijiji, kisha ukoo. Massawe wa wapi? Shayo wa upande gani? Kila jina lina mteremko wake, na kila mteremko una kihamba: nyumba, migomba, mibuni chini ya kivuli cha migomba, ng'ombe zizini, mfongo, yaani mfereji wa maji, unaopita pembeni, na makaburi ya waliotangulia nyuma ya nyumba. Ndiyo maana Desemba ikifika mabasi yanajaa na barabara ya kutoka Dar es Salaam inalemewa na magari. Watu wanapanda kwao.

Sasa inakuwaje katika mkoa kama huu mtu alale juu ya boksi, wakati nauli ya daladala ya kumfikisha kijijini kwao mara nyingi haizidi bei ya sahani ya wali?

Sehemu ya jibu iko ndani ya kihamba chenyewe. Kwa desturi ya Wachaga, mtoto wa kwanza wa kiume hupewa eneo lake, na wa mwisho hubaki na nyumba ya wazazi. Wa katikati alitegemea kukatiwa pori jipya au shamba la tambarare. Zamani ilikuwa rahisi, ardhi ilikuwepo. Kisha watu wakaongezeka na ardhi haikuongezeka. Kihamba kikagawanywa, kikagawanywa tena, hadi leo unakuta kaya nzima inategemea kipande ambacho ukisimama mlangoni unaona mwisho wake. Kahawa, iliyowafanya wakulima wa hapa waunde chama chao mwaka 1925 na kukijenga upya kuwa ushirika wa KNCU mwaka 1933, iliwahi kusomesha watoto hadi chuo kikuu. Siku hizi wengi wameing'oa. Mwana wa katikati akaambiwa, bila maneno mengi, ashuke mjini akatafute.

Wengi walioshuka walifanikiwa, na biashara za Wachaga ziko kila kona ya nchi hii. Hao ndio tunaowasimulia. Yule aliyeshuka akaanguka hatumsimulii, naye kwa sababu ya simulizi hizo hizo anaona aibu kupanda. Anawezaje kufika Desemba mikono mitupu, wakati kaka yake amekuja na gari?

Meku ni mwana wa katikati. Nilimpata wodini, nikajua jina lake, ambalo silitaji hapa kwa kuwa aliniomba nisilitaje. Alisukuma mkokoteni katika soko la Mbuyuni kwa miaka mingi, akapanga chumba Pasua. Siku moja mzigo ulimwangukia mguuni. Mguu uliunga vibaya, kazi ikaisha, akiba ikaisha, na mwenye nyumba akataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo kama ilivyo kawaida ya mjini. Alikuwa na kwao upande wa Kibosho, lakini kwenye msiba wa baba yao alikuwa amemtolea mdogo wake maneno makali juu ya nyumba, mbele ya watu. Hakupanda tena. Boksi la kwanza alililalia, aliniambia, akidhani ni usiku mmoja.

Huyo ni mmoja. Wapo wengine walioshukia stendi kwa njia nyingine kabisa. Mjane aliyeambiwa baada ya arobaini kwamba nyumba ni ya ukoo. Mke aliyeachika akarudi kwa wazazi na kukuta kaka zake wamekwisha kugawana. Mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa, ambaye babu alimpenda, na babu akafa. Kijana aliyeanza kusikia sauti zisizosikiwa na wengine, nyumbani wakasema amerogwa, wakachoka naye. Wapo pia waliotoka mbali, mikoa mingine kabisa, waliosikia kwamba Moshi kuna watalii na kazi za kubeba mizigo mlimani, wakafika na kukuta kazi hizo zina wenyewe.

Serikali za nyakati zote zilijaribu dawa moja: kuwaondoa. Mkoloni Mwingereza alitunga sheria ya mafukara Tanganyika mwaka 1923, na mwaka 1944 akaongeza nyingine ya kuwafukuza mijini Waafrika "wasiotakiwa". Baada ya Uhuru tukarithi fikra hiyo pamoja na vifungu vya wazururaji ndani ya Kanuni ya Adhabu. Mwaka 1983 ikaja Sheria ya Nguvu Kazi, chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine, na watu wa Dar es Salaam waliokosa vitambulisho vya kazi wakapakiwa kwenye magari kupelekwa vijijini kulima. Lengo la Sokoine lilikuwa kila mtu ale jasho lake, na sina shaka na nia yake. Lakini wengi walirudi mjini, kwa kuwa mtu akirudishwa kijijini bila ardhi na bila ndugu aliyekubali kumpokea, amehamishwa stendi tu. Miji yetu bado husafisha barabara kabla ya mgeni mkubwa kufika. Wanaosafishwa hurudi baada ya siku chache. Njia hii imejaribiwa kwa karne nzima na haijawahi kumpa mtu hata mmoja pa kulala.

Basi raia wa kawaida afanye nini? Nimewauliza mama lishe, walinzi wa usiku, vijana wa mikokoteni na maofisa ustawi, na nitaandika yale niliyoyaona yakifanya kazi.

La kwanza mmekwisha kulisikia: jina. Mwulize, mtajie na lako, umwite kwalo kesho yake. Usiku wa kuamkia Agosti 23, 2022 makarani wa sensa walipita hadi kwenye stendi na mabaraza wakiwahesabu wanaolala nje. Meku aliniambia kwamba tangu usiku ule hakuna mtu aliyemwuliza jina lake hadi alipofika hospitali.

Kuhusu pesa, sitaki kumwambia mtu asitoe. Mwenye njaa ana njaa leo. Lakini mwone mama lishe wa karibu naye umlipe sahani tano kabla. Atazihesabu, tena wengi wao huongeza ya sita kimya kimya. Mlaji naye anakaa kwenye benchi kama mteja mwingine, anaulizwa aongezewe mchuzi au la. Nimemwona Meku akijibu swali hilo. Alikaa wima.

Kisha kuna jambo ambalo sisi wenye nyumba hatulifikirii kabisa, nalo ni karatasi. Mtu asiye na chumba hana mtaa. Asiye na mtaa hana barua ya mwenyekiti. Bila barua ni taabu kupata kitambulisho cha NIDA, na bila namba ya NIDA hasajili laini ya simu, hivyo hata kibarua akipatikana hakuna pa kumpigia. Mpango wa TASAF wa kunusuru kaya maskini unapita kwenye kaya, naye hana kaya ya kuandikishwa. Hapa raia ana nguvu kubwa kuliko anavyodhani. Nenda naye kwa mjumbe na mwenyekiti wa mtaa, useme: namfahamu, analala pale, naomba aandikwe. Kwa Meku ilituchukua safari tatu. Mara ya kwanza mwenyekiti hakuwepo, mara ya pili tuliambiwa tulete mashahidi, mara ya tatu alikuja mama lishe na mpiga debe mmoja na mwenye duka, yule mwenye baraza alilolalia. Yeye ndiye aliyesema maneno yaliyomaliza kazi: "Huyu amenilindia duka miaka minne. Hajawahi kuniibia hata kufuli."

Baada ya karatasi, chumba. Chumba cha kawaida alichopata kilikuwa shilingi 25,000 kwa mwezi, yaani 150,000 kwa miezi sita. Kwa mtu mmoja ni mzigo. Kwa watu kumi ni 15,000 kila mmoja, na Moshi hatushindwi kuchangishana: harusi moja tu ina kadi za mchango zenye kiasi kikubwa kuliko hicho. Wapo watakaouliza, je, asipoacha pombe? Asipopata kazi? New York mwaka 1992 mwanasaikolojia Sam Tsemberis aliligeuza swali hilo. Badala ya kumtaka mtu apone kwanza ndipo apewe nyumba, alianza kuwapa nyumba kwanza wale walioonekana hawafai, na wengi wao wakabaki ndani ya nyumba hizo. Finland iliifanya njia hiyo kuwa mpango wa taifa tangu 2008, na idadi ya wasio na makazi ikashuka kwa miaka mingi mfululizo. Finland ni tajiri, najua. Lakini hoja yake ni ya mtu yeyote aliyewahi kulala vibaya: nani huacha pombe akiwa juu ya boksi, baridi ya Julai?

Watoto ni habari tofauti, na hapa naomba msomaji anisikilize kwa makini, maana wema usio na utaratibu huwaumiza. Usimpe mtoto fedha usiku; wakubwa watamnyang'anya kabla hujafika kwenye gari lako, na pengine watampiga. Usimpige picha ukaiweka mtandaoni. Usimchukue nyumbani kwako kimyakimya, hata kama moyo wako ni safi, kwa sababu wapo waliochukuliwa hivyo wakageuzwa watumishi wa bure, naye hana njia ya kujua wewe ni yupi kati ya hao wawili. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imempa kila mtoto haki ya kulelewa na kulindwa, na imeweka wajibu kwa serikali za mitaa na kwa maofisa ustawi wa jamii. Namba ya simu kwa ajili ya mtoto ni 116, haina malipo. Moshi ina uzoefu wa muda mrefu katika kazi hii: shirika la Mkombozi lilianza mwaka 1997, Kituo cha Amani kikaanzishwa na Watanzania mwaka 2001, na wote walijifunza kwamba kumwondoa mtoto mtaani ni sehemu ndogo ya kazi. Sehemu kubwa ni kujua alikimbia nini. Fimbo ya baba wa kambo? Njaa? Shule iliyomfukuza kwa kukosa sare? Ukimrudisha kabla ya kujibu hilo, utamkuta stendi tena.

Na wanawake. Mjane au mke aliyetolewa nyumbani anaweza kulala nje kwa sababu tu hakuambiwa sheria inasemaje. Sheria ya Ndoa ya 1971 inakataza mwenzi mmoja kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilisema kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali iliyochumwa ndani ya ndoa. Kwa wajane njia ina miiba zaidi, maana tamko la sheria za mila la mwaka 1963 bado linatumika dhidi yao, ingawa mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia haki za wanawake iliitaka Tanzania ilibadilishe, baada ya wajane wawili wa Shinyanga kupeleka malalamiko. Hapa Moshi shirika la KWIECO limekuwa likiwapa wanawake msaada wa kisheria tangu 1987. Kumsindikiza jirani hadi kwenye ofisi ya msaada wa kisheria ni kazi ya asubuhi moja, na inaweza kumwokolea nyumba.

Kwa mwenye maradhi ya akili, msaada ni mtu wa kushika kadi ya kliniki na kukumbuka tarehe. Dawa za mwezi huu zikikatika, kazi yote inaanza upya. Vijana wa stendi wanamwita "chizi" na kumcheka, lakini nimeona mlinzi mmoja wa usiku akimtunzia mgonjwa vidonge vyake ndani ya kibanda, akimpa kimoja kila jioni baada ya uji. Hakuna aliyemfundisha. Kwa mzee asiye na mtu kabisa, serikali ina makao ya wazee pale Njoro, na mlango wake hufunguliwa kupitia ofisi ya ustawi wa jamii.

Nimeacha la mwisho kwa sababu ndilo gumu, nalo ni kupanda.

Mtu akishapata chumba, karatasi na chakula, bado anabaki hana watu. Nani atamzika? Usimcheke anayeuliza hivyo. Huku kwetu mtu huzikwa kihambani kwao, na kutojua utalala wapi siku hiyo ni kulala nje hata ukiwa na paa. Niliomba ruhusa ya Meku, nikatangulia peke yangu kwa mdogo wake. Sikwenda kudai nyumba. Nilikwenda kumwambia kaka yako yu hai, mguu wake ulivunjika, sasa ana chumba tena Pasua. Mdogo mtu alinipa kiti, akanyamaza muda mrefu, kisha akasema yale maneno ya msibani hajayasahau. Nikaaga. Nilirudi baada ya wiki tatu. Mara ya pili aliuliza, "Mguu ukoje?"

Mara ya tatu tulipanda wawili. Meku alikuwa ameomba tusimame njiani, akakata jani la isale, akalishika mkononi. Anayejua mila za mlima huu anajua maana yake: isale ni ombi la msamaha, na si rahisi kulikataa. Mdogo wake alilipokea mlangoni. Hawakukumbatiana. Walikaa chini ya migomba wakaongea juu ya ng'ombe mmoja aliyekufa zamani, na mke wa mdogo mtu akaleta mtori.

Hajahamia huko na pengine hatahamia. Suala la ardhi lina wazee wake, na wameliweka kwenye kikao cha ukoo siku za baada ya Krismasi, watoto wa nyumba ile watakapokuwa wamepanda kutoka Dar es Salaam na Arusha. Meku ameambiwa awepo.

Nanyi mtakaopanda Desemba hii, mbuzi akishachinjwa na pombe ya mbege ikishaletwa, kabla kikao cha ukoo hakijafungwa, hesabuni watoto wote wa nyumba hiyo, wale wa katikati, mabinti walioachika na wale msiotaka kuwataja. Asiyekuwepo, ulizeni analala wapi, kisha mtu mmoja ashuke akamtafute.